Nani Anapeana Mukono na Nani

Siku ya posho, 9 novemba

Directeur Kalaba amekubali! Nilikuwa pa meza yangu ya kuuzisha unités za telefone, pa kona ya barabara ya Kasungami, namuona anasukuma kinga yake, ile baskeli, mu matope. Nikaacha meza, nikamukimbilia na sapato moja tu ku mguu. Nikamuambia: bamasista ba collège moja ya mu ville banatengeneza concours, mashindano ya hesabu, ya batoto ba mwaka ya tano na ya sita. Kila masomo, kila école, inatuma mutoto moja. Kumi ba kwanza batasoma secondaire yote bure. Ni tarehe munane ya mwezi wa tatu. Juu ya nini shiye hatutume muntu?

"Na nani atabatayarisha? Balimu bangu bamechoka."

"Miye."

"Weye? Diplôme yako iko wapi?"

"Sina, Directeur. Niliacha mu ya ine ya secondaire. Lakini problème za concours nimejifundisha miye mwenyewe, mu kitabu na mu telefone."

Akacheka. Nikamurushia moja palepale: kuku na mbuzi biko mu lupango, mu kiwanja ya nyumba, bichwa makumi mbili, miguu makumi tano na sita. Mbuzi ngapi? Akatafuta bic ya kuandika mu mufuko ya shati. Mbele hajaipata nikasema: ambia mbuzi zote zisimame na miguu mbili sawa bantu! Sasa miguu makumi ine iko chini, kumi na sita iko hewani. Kila mbuzi imeinua mbili. Mbuzi munane!

Akaacha kutafuta bic. "Kila posho, siku batoto habasome, saa mbili mupaka saa ine," akasema. "Na usiniharibie tableau."

16 novemba

Batoto kumi na moja! Mvula ilipiga manjanja, mabati ya paa, mupaka tulikuwa tunasemeshana na mikono. Kuko Jérémie, mutoto wa Papa Damien, ule mwenye depot ya chumvi na sukari, bantu ba Butembo, mbali na huku. Ile mutoto ni moto. Minaanza tu kuandika, yeye tayari amejibu. Nimejiona miye mwenyewe mu suruali fupi.

23 novemba

Mvula. Batoto ine. Barabara imekuwa mutoni.

30 novemba

Kuko mutoto mwanamuke moja anaitwa Mwelwa, anaishi na kambo yake, mama ya mama yake, nyuma ya mashamba ya mutama. Huyu ananichokesha. Kila problème anataka kujua bintu bile habiandikwe. Nasema: mama anagawanya maembe kwa batoto batano. Yeye: "Mamzelle, na ule mama mwenyewe hakule?" Nasema: gari inatoka Likasi saa tatu. Yeye: "Haipite ku barrière?" Benzake banamuita Bibi Question. Miye pia nilimuita vile leo, na batoto bote bakacheka, na yeye akacheka kidogo, akaangalia chini.

7 desemba

Leo nilibapatia ile ninapendaka kupita zote. Bantu munane banakutana mu feti, mu sherehe. Kila moja anapeana mukono na kila mwenzake, mara moja tu. Mara ngapi mikono inapeanwa?

"Makumi mbili na munane!" Jérémie, mbele sijafunga kinywa. Saba, na sita, na tano, mupaka moja. Muzuri kabisa.

Mwelwa akainua kidole.

"Mamzelle, mu bale bantu, muko buko?"

Sikusikia muzuri. "Nini?"

"Buko. Kama muko mwanaume na mama ya bibi yake, bale habapeane mukono. Anapita pembeni, anainamisha kichwa."

Kelele ikapasuka! Jérémie akasimama juu ya banc: "Bibi Question, unatafuta jibu ao unatafuta bwana?"

"Minauliza tu."

"Kwetu mu nyumba papa anapeana mukono na kambo yangu, mama ya mama, kila asubui!"

"Eeee!" batoto ba hapa bote kwa mara moja, mikono ku kinywa. "Na mama-mukwe? Haya haiko kwenu?"

Jérémie akaanza kutetea baba yake, benzake banamupigia makofi, calcul ikafa. Nilikasirika. Nilimuambia Mwelwa: mu kitabu hamuna buko, muko bantu munane. Andika makumi mbili na munane. Akaandika.

8 desemba, siku ya mungu

Sijue niandike nini kwanza.

Kisha kanisa Mwelwa akapita pa meza yangu. Hakunisamukia muzuri, hata jambo hakuniambia, akachukua kijiti, akachuchumaa, akachora mu udongo madoti munane. Akasema: huyu bwana-arusi, huyu bibi-arusi, hapa bazazi ba mwanaume, hapa bazazi ba mwanamuke, hapa bashahidi babili, kila moja ametoka kwake. Kisha akavuta mistari, doti na doti, kila mustari ni mukono umepeanwa. Yote makumi mbili na munane. Akaanza kufuta na kidole.

"Bwana-arusi na mama-mukwe wake, hapana. Bibi-arusi na baba-mukwe wake, hapana. Inabakia makumi mbili na sita."

"Ndiyo."

"Na kila bwana na bibi yake, ba arusi na bazazi pande mbili, balifika pamoja, balisamukiana tayari asubui. Habawezi kupeana mukono tena mu feti sawa bageni. Hiyo mitatu."

Makumi mbili na tatu.

Niliinama kuangalia. Namba nilikuwa naijua tangu zamani, njo kusema nilikuwa naijua sawa wimbo. Lakini ile sura! Mistari yote inakatana sawa nyavu, na ukitoa moja unaona kitundu kinabakia wapi. Ningemuongezea bageni kumi angejua kufanya. Ningemuambia huyu na huyu bamegombana angejua kufanya. Yeye hakukuwa anapinga problème yangu. Alikuwa anaifungua.

Nikamuuliza: "Nani alikufundisha hii?"

"Hakuna. Nilikuwa nataka kujua kama feti ya kweli ingekuwa ngapi."

Mvula ikaanza na matone makubwa, ikala arusi yote mbele yetu. Tukakimbilia chini ya bâche ya plastiki ya mama wa mikate, tunacheka.

21 desemba

Papa Damien ametuma biskuti kwa batoto bote. Hakuna mwenye alisoma kitu.

11 januari

Directeur anataka jina. Nikatengeneza examen: problème kumi mu saa moja. Jérémie saba. Mwelwa ine. Zile ine ni safi, zile sita hakugusa hata.

Nimemupatia Directeur jina ya Jérémie. Ni haki. Concours ni mbio, na ule mutoto ni mbio. Mwelwa alikunja karatasi yake mara mingi mupaka ikawa kidogo sawa kidole, akasema "aksanti Mamzelle," akaenda. Aksanti ya nini?

13 januari

Nilienda kuona kambo ya Mwelwa. Sijue juu ya nini nilienda. Nilisema nataka kununua viazi. Alikuwa mu shamba, miguu yote ndani ya matope, analima sawa muntu wa miaka makumi mbili.

"Njo weye mwalimu wa posho?"

"Njo miye, kambo."

"Basi ile jambo ya concours imekwisha. Muzuri. Akimaliza ya sita ataenda Kilwa, kule ku ziwa, kwa mama mudogo wake. Ule amezaa mapasa, batoto babili mara moja. Bwana yake anashinda ku maji, samaki zinaoza juu hakuna mikono ya kuzikausha."

"Lakini kambo, huyu mutoto iko na kichwa!"

"Hata samaki iko na kichwa." Hakucheka. "Secondaire nani atamulipia? Weye, na ile meza yako?"

Nikanunua viazi, nikarudia. Moyo ya jiwe, ile mama. Na miye mwenye nimepeana jina ya mutoto mwingine, moyo yangu ni ya nini?

25 januari

Mvula inapiga tangu kazi ine, siku mbili sasa. Ukuta ya choo ya masomo imeanguka. Hakuna muntu ndani, tumushukuru Mungu.

1 februari

Haya. Haya kubwa.

Juma yenye ilipita Directeur alitaka kuzungusha bustani ya masomo na miti, mbuzi zisikule mboga. Bustani ni metre kumi na mbili kwa munane, muti kila metre mbili, na muti kila pembe. "Mamzelle, ni miti ngapi bazazi bakate?" Nikasema: nafasi sita, miti saba. Nafasi ine, miti tano. Njo sheria niliyofundisha batoto: gawanya, ongeza moja. Saba, tano, saba, tano. Makumi mbili na ine! Jérémie akasema vile na miye, kwa sauti moja, tukapigana mikono. Mwelwa akasema, "Mamzelle, ile ya ku pembe, ni ya upande gani?" Nikamuambia atuache kidogo.

Bazazi bakakata bakaleta. Leo tumepanda. Bustani imefungwa, na miti ine imebakia chini.

"Hii ine ni ya nini?" Directeur akauliza.

Mwelwa alienda akasimama pa pembe moja, akaweka mukono juu ya ule muti, kisha akaangalia pande zote mbili. Nikaelewa. Kila muti wa pembe nilikuwa nimeuhesabu mara mbili.

Baba moja akasema, "Hakuna neno, moja nitafanya mwiko wa kusonga bukari." Bote bakacheka. Miye pia nilicheka. Lakini examen yangu yote ilikuwa imejaa zile sheria. Nilipima nani anakumbuka bile minasemaka.

3 februari, kazi moja, kesho ya siku ya mungu

Barua ya bamasista imefika. Problème ine. Masaa tatu. Kila hatua iandikwe na maelezo, jibu yenye haina maelezo inapata ziro.

Nimesoma mara mbili, nikakimbia mupaka ku bureau. "Directeur, tulipima batoto na mizani ya kudanganya!"

"Sema polepole."

"Miye nilipima mbio. Bale banapima kufikiri."

Akavua miwani. "Papa Damien nilishamuambia mutoto yake njo ataenda. Na kwa mvula hii, kamio yake, ile lori, njo tu inaweza kutufikisha mu ville. Ukitaka kubadilisha, uende umuambie weye mwenyewe."

Nikaenda. Depot inanuka sabuni na chumvi ya kulowana. Papa Damien alikuwa juu ya mifuko, anahesabu na kijana wa kazi. Nikasema yote bila kupumua. Alishuka, akapanguza mikono.

"Mwalimu, muliweka mashindano?"

"Ndiyo, papa."

"Mutoto yangu alishinda?"

"Alishinda."

"Aliiba?"

"Hapana! Alishinda muzuri."

"Sasa leo unamwambia mutu mwenye alishinda kwamba hakushinda. Ungekuwa mutoto, ungemwamini tena mukubwa?"

Nikasema tu: "Papa, ni kosa yangu, haiko yake. Lakini nikimutuma na kosa yangu, ni yeye atailipia."

Inje kamio inarudi nyuma, bantu banapiga kelele: kata! kata! Kisha Papa Damien akasema: "Weka examen ingine. Sawa ile ya bamasista. Problème achaguwe Directeur, weye hapana. Na miye nitakuwa mu kalasi. Mwenye atashinda pale, miye sina neno."

Niliogopa ile muntu miezi yote. Bure.

8 februari

Directeur alichagua tatu mu examen za zamani. Masaa tatu kamili. Papa Damien alikaa nyuma ku banc ya batoto, magoti karibu ku masikio. Maji inatona ku pembe, tok, tok, tukaweka bassin.

Jérémie alimaliza mbele saa moja haijatimia. Akatoka inje, akapiga mupira ku ukuta. Mwelwa akabakia. Anachora, anafuta, anaangalia manjanja. Mara moja aliniangalia sawa anataka kuuliza kitu, nikafungia macho. Saa ya pili yote sikujua nikae wapi. Njo nilijua sasa: miye siwezi kukaa saa tatu mbele ya kitu moja. Sijafanyaka hata siku moja.

Ya kwanza na ya pili, bote babili sawa, ijapokuwa Jérémie aliandika mustari moja tu kwa kila moja. Ya tatu: toka moja mupaka mia, namba ngapi ziko na saba ndani?

Jérémie: kumi zinaisha na saba, kumi zinaanza na saba. Makumi mbili.

Mwelwa: kumi na tisa. Na chini ameandika na français yake ya kuvunjika kwamba makumi saba na saba inaingia mulango zote mbili lakini ni muntu moja.

Papa Damien alichukua karatasi zote mbili. Akahesabu na vidole, midomo inatembea. Saba, kumi na saba, makumi mbili na saba... Tulikuwa tunasikia bassin tu.

"Kumi na tisa," akasema. Akaita: "Jérémie! Kuya."

Mutoto akaingia na mupira chini ya kwapa.

"Ulihesabu mufuko moja mara mbili."

Jérémie akasoma. Akasoma tena. Macho ikajaa maji, lakini hakulia. "Nilienda mbio," akasema.

"Ndiyo. Mu depot ningekufukuza." Akamuweka mukono ku kichwa. Kisha akamuambia Mwelwa: "Weye, siku ya concours uwe pa barabara mapema. Kamio yangu haingojeake mutu."

22 februari

Jérémie alikuja hata kama hana fasi tena. Anakaa pembeni ya Mwelwa, anamurushia problème, anapiga mikono juu ya meza: "Lakini jibu! Jibu!" Na yeye: "Sijamaliza kusoma." Bananichekesha mupaka machozi.

2 marsi

Ya Dorine, dada yangu mukubwa, alipiga telefone toka Kolwezi. Kuko kazi ku restaurant kwenye anatumika, mwezi wa saba, na kitanda iko. Nilisema ndiyo hata mbele hajamaliza. Kutoka Kasungami! Kuona fasi ingine!

8 marsi

Tulikuwa mu kamio: Papa Damien, miye na Mwelwa mbele, Jérémie nyuma juu ya bâche, alikataa kubakia nyumbani. Tulizama mara moja pa njia ya Annexe. Bavijana bakasukuma, matope ikaruka mupaka ku uniforme ya Mwelwa. Alifika na madoa sawa chui.

Saa tatu. Batoto bakaanza kutoka kisha saa moja na nusu, banalinganisha majibu, bamama banauliza. Mwelwa hapana. Kisha saa mbili, hapana. Ku mwisho mulinzi akafungua mulango, bakatoka batatu tu, yeye ni wa nyuma kabisa.

"Ngapi?" Jérémie alimurukia.

"Tatu. Ya ine nilifika katikati."

"Katikati! Aaah, Bibi Question!"

"Niliandika fasi nilisimama na juu ya nini siwezi kupita."

Papa Damien alitununulia mikate. Tulikula njiani mupaka Kasungami.

15 marsi

Ni wa munane! Jina iko ku mulango ya collège, MWELWA, na ya munane mbele! Nilipiga kelele, sentinelle akanikanya, nikamukumbatia. Nilirudia na mguu kipande kubwa juu sikuweza kukaa mu taxi-bus. Directeur alivua kofia. Jérémie akasema, "Wa munane tu?" kisha akakimbia kuambia baba yake, anaanguka mu matope, anasimama, anakimbia.

16 marsi, siku ya mungu

Nilienda kwa kambo na moto yangu yote. Nilikuwa nimetayarisha maneno njiani, sawa avocat. Sikutumia hata moja. Alikuwa anajua. Alikuwa amekaa pa kizingiti, anachagua maharagi, Mwelwa iko pembeni.

"Bure kabisa?" akauliza. "Miaka yote?"

"Yote, kambo."

"Na mama mudogo yake? Mapasa haijue hesabu."

Ni kweli. Ile mama mwenye niliita moyo ya jiwe iko na mutoto hapa na mutoto kule, na mikono mbili.

Akatupa maharagi mubaya inje, akageukia Mwelwa. "Nitaenda miye. Mugongo yangu ingali inainama. Samaki nilikausha mbele hujazaliwa weye, wala mama yako."

"Kambo..." Mwelwa akaanza.

"Nyamaza. Hakuna question leo." Kisha akaniangalia, macho ku macho. "Lakini collège ya bale bamasista, mutoto halali pale, anarudia kulala nyumbani. Hapa hatabakia na muntu. Mwezi wa saba nikipanda gari ya Kilwa, huyu atalala wapi?"

Nilielewa anaomba nini. Na hakuomba. Aliuliza tu, akaendelea na maharagi.

Miye, mwenye nimehama nyumba kila mwaka. Mwenye chumba yangu, ukifungua mulango inagonga kitanda. Kinywa ilikuwa tayari kusema kitu, haijalishi kitu gani, nikaifunga. Nikauliza: collège inaanza saa ngapi asubui? Nani atamusindikiza mupaka pa taxi-bus wakati mvula inapiga? Akigonjwa, Kilwa inafikiwa siku ngapi na ile barabara? Kambo akajibu moja moja. Nikauliza tena: na kama ni miaka sita yote? Akasema, "Ni miaka sita yote."

Maharagi ilikwisha. Mwelwa hakuinua macho hata mara moja.

"Kwangu," nikasema. "Atalala kwangu."

Kambo akatingisha kichwa polepole, akasimama kuweka chungu ku moto. Mangaribi nilimupigia Ya Dorine nikamuambia siji Kolwezi. Alifikiri ni juu ya mwanaume. Nilimuacha afikiri, nikaenda kupima na kamba kama kitanda ya pili inaweza kuingia upande wa dirisha. Inaingia, tukitoa meza ya chumba inje.